Chati za samaki, kabla ya Jumamosi

Assalaam aleikum jamani. Nimepitia skripti mlizotuma jana, za kuchora samaki wetu wa aina tatu kwenye chati moja ya urefu na uzito, na kosa la karibu wote ni moja: plt.show(), amri ya kuonyesha chati, mmeiweka ndani ya kitanzi (loop), yaani sehemu inayorudiwa kwa kila aina. Ndiyo maana mnapata chati tatu, samaki changu peke yake, tasi peke yake, pono peke yake. Itoeni nje, chini kabisa, ianzie ukingoni mwa mstari. Zile nafasi nne za mwanzo kwenye lugha ya Python si urembo, ndizo zinazosema mstari uko ndani ya kitanzi.

Kitanzi chenyewe ni kifupi (df ni jedwali lenu la vipimo):

for jina, kundi in df.groupby("aina"):
    plt.scatter(kundi["urefu"], kundi["uzito"], label=jina)

Rangi matplotlib, ile maktaba ya kuchora tunayoiita plt, itabadilisha yenyewe. Kitanzi kikiisha, plt.legend() ya kuonyesha rangi ipi ni samaki yupi, kisha plt.show().

Sasa yule aliyeuliza mbona ana makundi matano na samaki ni aina tatu. Nimelifungua faili lake: kuna "Tasi", kuna "tasi", na kuna "tasi " yenye nafasi nyuma. Kwa kompyuta hao ni samaki watatu! Isafisheni safuwima ya aina kwanza kwa .str.strip().str.lower(): ya kwanza huondoa nafasi za pembeni, ya pili hufanya herufi zote ndogo. Msimcheke, mimi nafasi kama hiyo ilinikesha usiku mzima.

Nukta za chati zikipinda kwenda juu msishtuke. Samaki akirefuka mara mbili, uzito hukaribia mara nane.

Jumamosi baada ya Alasiri, Mkunguni. Kompyuta zije zimeshachajiwa. Mwenye daftari la vipimo vya Shela alilete lenyewe, kurasa mbili hazisomeki kwenye picha.