Wafalme wa Uingereza nao walikuwa wanakaa na mishahara ya watu

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Tororo. Naomba kanafasi kwenye gazeti lako nimjibu yule msomaji wa Mbale aliyeandika juzi eti mshahara kuchelewa na serikali kugawa pesa kwa watu wake ni ugonjwa wetu sisi Waafrika, na kwamba Wazungu tangu enzi za wafalme wao kila mtu alikuwa anapata haki yake siku yake. Mimi ni karani wa hesabu, mishahara ya watu inapita mikononi mwangu kila mwezi, na matusi pia yanapita hapohapo pesa ikikosa kushuka kutoka Kampala, halafu binti yangu anafundisha historia sekondari, vitabu vyake vimejaa nyumbani mpaka juu ya kabati, kwa hiyo habari za hao wafalme nimezisoma sana jioni umeme ukiwepo. Ndugu yangu wa Mbale, umedanganywa.

Kuna orodha moja ya karibu mwaka 1136, mfalme Henry I alikuwa amekufa juzijuzi, inaonyesha kila mtu wa nyumba ya mfalme alikuwa anapewa nini. Chansela, huyo ndiye mkubwa wa waandishi wote, shilingi 5 kwa siku (shilingi yao ilikuwa peni 12, na shilingi 20 ni pauni moja), na mkate laini kama wa mfalme mwenyewe, na mikate miwili ya chumvi, na kipimo cha divai nzuri na kingine cha divai ya kawaida, na mshumaa mmoja mnene wa nta na vipande 40 vya mishumaa. Vipande arobaini bana! Mtu anashika muhuri wa nchi nzima na bado anahesabiwa vishumaa. Mtu wa maji naye alikuwa na chakula chake, mfalme akisafiri anapata peni moja ya kukausha nguo, na mfalme akioga anaongezewa peni 4, isipokuwa zile sikukuu tatu kubwa za mwaka, hapo anamwogesha bure. Sasa ukishuka mpaka kwa mama mfua nguo, aliyeandika orodha amesema tu kwamba habari yake ina shaka. Basi, imeisha hiyo. Nilimsomea mke wangu akacheka akasema huyo karani bado yuko kazini.

Ila hiyo ilikuwa posho ya kila siku, ya watu wanaokula kwa mfalme. Kichwa kinaanza kuuma ukifika kwenye ile pesa ya kila mwaka, ambayo mfalme anampa mtu kwa maisha yake yote kwa barua yenye muhuri. Barua inasema fulani atapata pauni kadhaa kila mwaka kutoka hazina, nusu Pasaka na nusu sikukuu ya Malaika Mikaeli tarehe 29 Septemba. Ukiisoma unafikiri mtu ameshapona maisha. Kumbe barua ni kitu kingine na pesa ni kitu kingine, hii sisi watu wa hesabu tunaijua vizuri, mtu anakuja na barua yake ya kupandishwa cheo imegongwa mihuri yote na mimi kwenye mfumo sioni hata senti.

Hazina yao kule Westminster ilikuwa na meza yenye kitambaa cha miraba, wanahesabu kwa kusogeza vidude juu yake, na risiti yao ilikuwa kijiti. Kweli, kijiti cha mti. Wanakata alama pembeni, elfu moja ya pauni ni mkato mpana kama kiganja, mia ni kama kidole gumba, ishirini ni kama kidole cha mwisho, pauni moja ni kama punje ya shayiri, halafu wanakipasua katikati kwa urefu, kila upande unabaki na nusu yake ili mtu asije akaongeza mikato nyumbani. Mimi naona ni akili nzuri sana hiyo, afadhali kuliko baadhi ya stakabadhi zinazoletwa mezani kwangu. Shida ni kwamba hazina ikiwa tupu walikuwa hawasemi hatuna, wanakupa kijiti unaenda nacho kwa mkusanya ushuru wa bandari fulani akulipe yeye, unasafiri mpaka huko unamkuta jamaa amezungukwa na watu wenye vijiti kama chako na pesa ya ushuru ilishaisha, unarudi Westminster unaanza upya. Vijiti vyenyewe vilikaa mamia ya miaka, mpaka Oktoba 1834 walipoamua kuchoma vile vya zamani kwenye majiko ya chini ya jengo na moto ukala karibu jengo lote la Bunge lao.

Mchukue Geoffrey Chaucer, yule mshairi wao mkubwa. Mwaka 1367 mfalme Edward III alimpa maki 20 kila mwaka, maki moja ilikuwa shilingi 13 na peni 4 kwa hiyo jumla ni kama pauni 13 na kitu. Mwaka 1374 akaongezewa jagi la divai kila siku ya Mungu, mwaka huohuo akapewa kazi ya kukagua ushuru wa sufu bandarini London. Hapo mtu amekaa vizuri si ndio? Mwaka 1378 ile divai ikageuzwa kuwa maki 20 nyingine taslimu. Lakini kufika 1399 mfalme mwingine amepinduliwa na Henry IV ameingia, mzee Chaucer anamtungia mfalme mpya shairi la kuulilia mfuko wake kwamba umekuwa mwepesi. Akasikilizwa, akaongezewa maki 40 kwa mwaka. Mwaka uliofuata akafa.

Huyo alikuwa na jina. Mimi roho yangu iko kwa Thomas Hoccleve kwa sababu alikuwa karani kama mimi, kwenye ofisi ya muhuri mdogo wa mfalme, alianza karibu 1387 na akakaa humo miaka na miaka. Mwaka 1399 aliahidiwa pauni 10 kila mwaka, 1409 ikapandishwa ikawa maki 20, na pesa yenyewe ilikuwa inakuja ikitaka, kwa hiyo naye akaanza kumtungia mashairi mweka hazina amkumbuke. Anaeleza mpaka kazi yenyewe ilivyo, anasema watu wanafikiri kuandika ni mchezo kumbe macho na mkono na akili lazima viende pamoja, hakuna kupiga stori wala kuimba kama mafundi wengine, na mwisho wa miaka umeharibika tumbo, mgongo na macho. Nikisoma hapo nanyoosha mgongo wangu mwenyewe. Halafu anasimulia ujanja mmoja ambao ukiutoa Uingereza ukauleta hapa hakuna atakayeshtuka: mtu ana barua yake inataka kuandikwa, anatoa ada ya makarani, katikati anaingia mtumishi wa bwana mkubwa anasema nipe mimi, bwana wangu atawakumbuka hao makarani, anaila yeye, na karani hawezi kufungua mdomo kwa sababu bwana ni bwana. Miaka zaidi ya 600 imepita! Chai ya katikati ni ya zamani kuliko chai yenyewe kufika Uingereza.

Wanajeshi je. Mwaka 1415 Henry V anaenda kupigana Ufaransa, mpiga upinde analipwa peni 6 kwa siku, askari wa deraya shilingi moja, naiti shilingi 2, mtu wa cheo cha duke shilingi 13 na peni 4. Malipo yanaenda kwa kota, yaani miezi mitatu mitatu, kama bajeti yetu. Kota ya kwanza walipata taslimu, kota ya pili makapteni wakapewa vito vya mfalme washike kama dhamana. Wakashinda vita vyao Agincourt tarehe 25 Oktoba, watu wanaimba mpaka leo, lakini kuna waliokuwa bado wanadai mfalme mwenyewe akiwa kaburini. Wazee wetu waliotoka jeshini wanaopanga foleni na faili zao za pensheni wangeelewana sana na hao.

Sasa swali, kama pesa haipo inaenda wapi? Inaenda kwa walio karibu. Edward II mwaka 1307 hajakaa vizuri kwenye kiti anampa rafiki yake Piers Gaveston ubwana wa Cornwall na mapato yake, cheo ambacho watu walizoea ni cha ukoo wa mfalme. Mabwana wakavumilia, 1311 wakamwandikia masharti kwamba hatoi zawadi tena bila wao kukubali, na 1312 Gaveston wakamuua. Baadaye akaja Henry VI, huyu sijui niseme mpole au mjinga, mtu akimwomba anapewa, shamba, cheo, posho ya maisha, mpaka kuna vitu alivigawa mara mbili kwa watu tofauti. Bunge likaletewa hesabu: deni pauni 372,000, mapato yake ya kawaida pauni 5,000 kwa mwaka, na nyumba yake tu inakula 24,000. Rudia hizo namba polepole. Mwaka 1450 watu wakachoka, waziri wake mkubwa, duke wa Suffolk, akakatwa kichwa juu ya boti akiwa njiani kwenda uhamishoni, watu wa Kent wakaingia London wakiongozwa na Jack Cade, na Bunge likapitisha sheria kwamba zawadi zote alizotoa mfalme tangu aanze kutawala zirudishwe. Wakubwa walivyoona hivyo wakakimbilia kuweka vifungu vya kujiokoa, sheria hii haimhusu fulani, haimhusu fulani, vikafika 186. Wakarudi tena mwaka uliofuata wakaibana zaidi. Kwa hiyo ndugu wa Mbale, hao watu hawakuzaliwa na adabu ya pesa, walisukumwa.

Na ukitaka kuona hii tabia ilivyofika kwetu soma Mkataba wa Buganda wa tarehe 10 Machi 1900, ni karatasi ya kifalme ya Kiingereza tupu. Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, akiwa mtu mzima pauni 1,500 kwa mwaka, wakati ule Daudi Chwa bado mtoto mdogo, machifu wa saza (saza ni kama kaunti) pauni 200 kila mmoja, Kabaka maili za mraba 350, kila chifu wa saza maili 8 zake binafsi na 8 za cheo chake, na machifu na wenye ardhi elfu moja wakakadiriwa maili 8,000. Aliyekuwa analima hapo hakuulizwa, yeye kazi yake ikawa kulipa rupia 3 za kodi ya kibanda. Zawadi ni tamu kwa aliyepewa, bili kuna mtu anaibeba.

Tuje karibu. Mwaka 2017 tulisikia maofisa 42 wamegawiwa shilingi bilioni 6 kwa sababu serikali ilishinda kesi ya kodi dhidi ya kampuni ya mafuta, tukaambiwa ni hendisheki ya rais, yaani mkono wa pongezi. Mwaka 2022 makamishna wanne wa Bunge wakapitishiwa bilioni 1.7 za tuzo ya utumishi, na mwaka huohuo walimu wa masomo ya sanaa, yaani historia na mengine yasiyo ya sayansi, wako kwenye mgomo kwa sababu mwenzao wa sayansi mwenye digrii anapandishwa hadi milioni 4 kwa mwezi na wao wamebaki palepale. Binti yangu alikuwa kwenye huo mgomo kwa hiyo siwezi kujifanya sina upande. Hata hivyo sisemi watu wasizawadiwe, mtu akishinda kesi kubwa mpe kitu, mimi nauliza tu hiyo pesa ilipita mlango gani na kwa nini mlango wa pensheni haufunguki hivyo.

Kidogo kuhusu wabunge, hii lazima niichomeke. Uingereza ya wakati ule mbunge wa kaunti alikuwa analipwa shilingi 4 kwa siku za kikao na wa mji shilingi 2, na waliotoa hiyo pesa ni watu wa kwao waliomtuma, sio hazina ya mfalme. Mji mwingine ulikuwa unabishana na mbunge wake kuhusu siku alizokaa kweli kwenye kikao. Hebu fikiria wetu aje Tororo kudai posho yake sokoni.

Kwa hiyo Mhariri ombi langu ni kwako na wenzako wa magazeti. Hapahapa Uganda tuna mfano. Kati ya 1991 na 1995 shule za msingi zilikuwa zinapata kama asilimia 13 tu ya pesa ya wanafunzi iliyotumwa, nyingine inaishia njiani, serikali ikaanza kuchapisha kwenye magazeti kila wilaya imetumiwa kiasi gani na wakuu wa shule wakabandika ukutani, kufika 2001 shule zilikuwa zinapokea zaidi ya asilimia 80. Wanauchumi wanabishana ni kiasi gani kilitokana na magazeti peke yake, wabishane, mimi nilikuwepo nikaona wazazi wanakuja ofisini na karatasi ya gazeti iliyokunjwa wanauliza. Basi muwe mnachapisha kila kota malimbikizo ya pensheni na mishahara kwa kila wilaya, wanaodai ni wangapi, kilichoshuka ni kiasi gani, na pembeni yake bajeti ya nyongeza imepeleka nini kwa nani. Ukurasa mmoja unatosha. Wilaya ya kwanza wekeni ya kwangu, nitajibu maswali.

Karani wa hesabu,
Tororo