P3 tunajaza, lakini nani alitufundisha?

Kwa Mhariri,

Mimi ni daktari katika hospitali moja ya umma upande wa Eastlands, Nairobi. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa mahakamani kueleza fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha ya aliyeshambuliwa, niliyoijaza kwa mkono wangu. Mama mmoja alikuwa amepigwa rungu kichwani. Mimi niliandika "jeraha la kukatwa", kwa sababu ngozi ilikuwa imeachana kwa mstari ulionyooka kabisa. Wakili wa mshtakiwa alinisomea maneno hayo mara mbili, kisha akaniuliza, "Daktari, rungu hukata?" Sikuwa na jibu. Mama mwenyewe alikuwa ameketi kwenye benchi la nyuma, ananitazama. Mshtakiwa aliachiliwa.

Baadaye, kwa kujisomea usiku, nilielewa kosa langu. Ngozi ya kichwa imelala juu ya mfupa. Ikigongwa na kitu butu, inaweza kupasuka ukadhani ni kisu. Lakini safisha damu, nyoa nywele za kandokando, sogeza taa, halafu panua jeraha taratibu. Utaona kingo zimechubuka, na ndani kuna nyuzi za nyama ambazo bado zimeshikana upande huu na ule. Kisu hakiachi nyuzi hizo. Ni kazi ya dakika mbili, na hakuna aliyewahi kunionyesha.

Chuoni, somo hili la tiba ya kisheria, yaani kuchunguza majeraha kwa ajili ya mahakama, tulilipata zaidi mochari, tukizunguka maiti. Wanaoletwa kwangu na polisi ni watu hai. P3 inanitaka nikadirie jeraha lina muda gani na lilitokana na silaha gani, kisha niseme kama ni madhara au madhara makubwa, maneno yaliyotoka kwenye Kanuni ya Adhabu, si kwenye vitabu vya tiba. Wenzangu wengi hukadiria siku kwa kutazama rangi ya damu iliyovilia chini ya ngozi, ilhali rangi haiaminiki kiasi hicho.

Kwa waliobakwa, dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi ndani ya saa 72 tunazitoa vizuri. Ushahidi ndio unaotuponyoka. Nimeona nguo ya ndani yenye unyevu ikifungiwa ndani ya plastiki. Humo huota ukungu, na chembe za DNA huharibika kabla hazijafika maabara ya Serikali. Ilipaswa kukaushwa kwa hewa, iwekwe kwenye mfuko wa karatasi, na kila anayeipokea atie sahihi. Wapo pia wanaoandika "kizinda hakijaguswa" kana kwamba hilo linathibitisha mtoto hakunajisiwa. Halithibitishi. Tangu 2006 tuna Sheria ya Makosa ya Ngono, na tangu 2017 Sheria ya Kuzuia Mateso, na zote mbili zinaegemea macho ya daktari wa zamu.

Wenzetu walikwishaona kwamba kuchunguza walio hai ni taaluma kamili. Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, kina masomo ya uzamili kwa madaktari wanaofanya kazi hii. Afrika Kusini daktari wa kawaida anaweza kufanya mtihani wa diploma ya tiba ya kisheria.

Ombi langu ni kwa Chuo Kikuu cha Nairobi: kitivo cha tiba kiko pale Hospitali ya Kenyatta, cha sheria kiko Parklands, hakuna umbali. Wakae pamoja, waandae diploma ya uzamili ambayo daktari aliye kazini anaweza kuisoma bila kuacha wodi. Picha za majeraha, utunzaji wa vielelezo, na mahakama ya mazoezi ambapo mawakili halisi wanamhoji mpaka ajue kusema "hilo siwezi kulithibitisha" bila kutetemeka. Maafisa wa kliniki wapewe kozi yao, maana nao hujaza fomu hizi kila siku. Kaunti ziwalipie wanaosoma.

Hata darasa likiwa Jumamosi asubuhi baada ya zamu ya usiku, mimi nitakuja.

Daktari wa zamu,
Eastlands, Nairobi