Sanduku la Edison halikuwa sinema

Mhariri,

Nalisoma gazeti lako miaka mingi na sijawahi kukuandikia. Makosa yenu ya mpira nimeyameza, ya bei ya sukari nimeyameza. Hili la Jumapili iliyopita, la chimbuko la sinema, limenikwama kooni. Mimi ni opereta mstaafu. Nimekesha nyuma ya projekta miaka ishirini na moja.

Mwandishi wenu kasema sinema ililetwa na Edison, yule mvumbuzi wa Marekani. Pale barazani kwenye kahawa nikabisha. Nikasema biashara ya mashine zake iliyofunguliwa New York mwaka 1894 ilikuwa ya masanduku: unainama, unachungulia kitundu peke yako, ukimaliza unampisha mwenzio. Watu kukaa pamoja gizani wakitazama ukuta, hiyo watafute kwa Wafaransa wawili, ndugu Lumière, Paris, tarehe 28 Desemba 1895, chumba cha chini cha mkahawa, kiingilio franka moja. (Na Berlin ndugu Skladanowsky walishaonyesha picha zao kwa tiketi tangu Novemba, lakini hayo tuyaache.) Basi kijana mmoja akatoa gazeti lako mfukoni, akalitandaza kwenye benchi, akabandika kidole juu ya jina la Edison. Kesi ikaisha. Nikalipia vikombe tisa vya kahawa pamoja na kashata zake, na hadi leo nikipita muuza kahawa ananiamkia, "Shikamoo Mzee Edison!"

Kaandika tena eti jioni ile ya Paris watu walikimbia wakidhani treni inawaponda. Treni ipi? Zilionyeshwa picha fupi kumi: wafanyakazi wanatoka kiwandani, mtoto analishwa, mtunza bustani anarukiwa na maji ya mpira usoni. Treni haikuwemo. Na waliolipa walikuwa 33 tu, wangekanyagana vipi?

Hao wa televisheni nao ni walewale. Picha za enzi hizo zilizungushwa kwa mkono, vipande, yaani picha mojamoja za kwenye ukanda, kama 16 kwa sekunde. Wao wanaziachia kwa 24, watu wanakimbia kama kuku waliomwagiwa maji ya moto, na wajukuu zangu wanaangua kicheko wakiamini wazee wa zamani ndivyo walivyotembea. Kwenye ukumbi wetu, picha ikienda mbio hivyo opereta alipigiwa miluzi mpaka aone haya. Leo nani atampigia mluzi mtu wa televisheni?

Sasa sikiliza. Ile namna ya kuvuta ukanda hatua kwa hatua, Louis Lumière aliitoa kwenye cherehani. Ninayo cherehani ya mkono ya marehemu mke wangu, bado nzima. Mlete mwandishi wako. Azungushe mkono mara mbili kila sekunde, sekunde 50, asiharakishe wala asilegee. Hivyo ndivyo mashine ya Lumière ilivyozungushwa, na huo ndio ukanda wake mzima wa mita 17. Saa nitashika mimi. Akiweza, nitanyamaza miaka mingine mingi. Akishindwa, anirudishie vikombe tisa. Kashata nimesamehe.

Opereta mstaafu,
Tanga