Da Mkubwa, nipimie kile kikombe cha Mama

Da Mkubwa shikamoo,

Assalaam aleikum. Natumai hapo Ngamiani hamjambo wote, Mama hajambo, watoto hawajambo na mguu wa mjomba umeanza kukanyaga. Mi mzima, kazi zinaenda, baridi ipo ila tushaizoea, hayo tuyaache. Nimeona niandike barua nzima kwa sababu kwenye grupu nikianza kusema neno sijamaliza washaingia watu kumi na picha za maua na asubuhi njema, na hili nataka ulisome umekaa, peke yako, halafu yale ya kumsomea Mama umsomee.

Kwanza pesa. Laki tatu ya mabati ya jiko nimemtumia bwana mdogo jana, mwambie asinunue yale mepesi, hewa ya bahari itayala mara moja tutaanza upya. Sikukataa na wala sitakataa, jiko la Mama ni langu pia. Ila dada, ujumbe wenyewe ulikuja "dada naomba laki 3 jiko linavuja", basi, hata shikamoo hakuna, hata Idi umekula nini hakuna. Nimekaa na ule ujumbe kutwa nzima. Maana siku ile nilikuwa na habari kubwa kifuani nikingoja mtu wa nyumbani aniulize tu.

Mkate umetoka, dada. Mkate wa kumimina wa Mama, ule wa mchele na tui, hapa Minneapolis, wenye vitundu kama sega la nyuki mpaka chini.

Idi huku tunafanya potlaki, yaani kila nyumba inakuja na sahani yake, zinapangwa kwenye meza ndefu kila mtu anapakua anachotaka. Kwa wazungu wa Minnesota hii ni mila yao kabisa, kazini kwetu wanaleta kitu kinaitwa hotdish, nyama ya kusaga na supu ya uyoga ya kopo halafu juu wanapanga vipande vya viazi kinaokwa mpaka kinapiga rangi, chakula cha watu wa baridi, kinashibisha kweli. Sisi tumeichukua tukaifanya ya kwetu. Idi hii walikuwepo wa Tanga, wa Unguja, wa Mombasa, Wasomali na sambusa zao, Wakongo wa Bukavu wakaleta sombe, ambayo ni kisamvu chetu kilekile ila wao wanatia mawese pale sisi tunapotia nazi, nimekula sahani mbili. Pilau zilikuwa tatu na kila mwenye yake kasimama nayo karibu.

Na mimi nilikuwa na sababu ya kuogopa ile meza. Unakumbuka mwaka jana ya boko boko? Sikuwaambia yote. Shangazi wa Muscat alinitumia voisi ya dakika tisa, nyama ya mfupa, ngano, mdalasini, samli ya juu, na kwamba kule wao wanaiita harisi, yote kasema, neno la kuloweka ngano usiku kucha hakulisema. Nikapika kuanzia alfajiri mpaka adhuhuri, nasonga na mwiko mpaka bega linauma, ngano iko vilevile punje punje. Nikaibeba hivyohivyo. Watu wakaonja kijiko kimoja wakaacha, nikarudi nayo nyumbani sufuria zima. Nilipomuuliza shangazi akanijibu "mwanangu hilo si kila mtu analijua?" Silijui! Niliondoka Tanga nina miaka kumi na tisa, mambo ya kila mtu anajua mimi ndiyo nayakosa, na ndiyo maana nikaomba tuanze ule utaratibu wetu, kila mmoja aandike chakula chake kimoja na vipimo vyake awatumie wengine. Wa kwetu wa Toronto katuma viazi karai vizuri sana na gramu zake, mama mdogo wa Pongwe kamwandikisha mjukuu bada, ule ugali wa muhogo, na mchuzi wa samaki, wewe umetuma mbaazi za nazi. Mkate wa Mama ndio haujaandikwa mpaka leo.

Sasa nilivyoupata nikueleze. Mara nne za mwanzo uliharibika. Mara mbili ilikuwa ni mchele, nilichukua wa duka kubwa kumbe ushachemshwa kiwandani kabla ya kukaushwa, huo hata ungeusaga wiki nzima haushikani. Mara ya tatu tui lilikuwa moto nikaua hamira. Mara ya nne uji ulikuwa mwepesi, mchele ukazama ukafanya ukoko mgumu chini na juu hewa tupu. Baada ya hapo ndo nikakaa nikafikiri. Nikaenda kwa Wasomali pale Karmel Mall nikanunua basmati na iliki nzima nikaimenya mwenyewe, mchele vikombe viwili vya huku, kila kimoja ml 240, nikauloweka usiku kucha. Asubuhi nikachuja maji yote, nikausaga kwenye blenda na kopo moja la tui la ml 400, lile zito lisilopunguzwa mafuta, la vuguvugu, nikasaga mpaka ukisugua kwa vidole husikii chenga hata moja. Hamira kijiko kimoja cha chai, sukari robo tatu ya kikombe, iliki nusu kijiko. Na hapa ndipo baridi iliponifundisha, maana jikoni kwangu hakiumuki kitu, nikauweka ndani ya oveni iliyozimwa nikawasha taa yake tu, lile joto la balbu likatosha. Ulivyopanda sikuukoroga tena, nilikumbuka Mama anavyotupiga mkono "msiuamshe", nikaumimina taratibu kwenye sufuria lenye samli ya moto, oveni 350 za huku ambazo kwenu ni kama 180, dakika arobaini. Hiyo oveni inakuwa badala ya kupalia makaa juu.

Nilipoupindua ukatoka mzima. Nilikaa chini sakafuni, dada.

Kwenye potlaki sinia langu ndilo lililoisha la kwanza, sikusimuliwa, nimeliona kwa macho yangu, na kuna bibi mmoja wa Unguja yuko huku na wanawe, kala kipande kafumba macho akaniuliza wewe mtoto wa nani. Nikamtajia Mama na mtaa. Hamjui Mama lakini akasema huyo aliyekufunza kakufunza. Mwambie Mama hivyo, neno kwa neno.

Basi nikatuma picha kwenye grupu. Na wifi wa Mombasa akaandika mbele ya watu wote kwamba tui la kopo si tui na hiyo ni keki, halafu akatuma mapishi "ya asili ya mkate wa kumimina, ya kwetu", na ndani yake ute wa mayai mawili. Na nyie mkaweka vidole gumba. Hata wewe. Dada, mi sigombani na Mombasa, wana mikono yao na mahamri yake wifi nayapenda. Lakini Mama sijawahi kumuona anapasua yai kwenye mkate, mimi ndiye nilikuwa nashika kifumbu, nachuja kasimele, lile tui zito la kwanza, yeye anasaga, chicha nawamwagia kuku. Na hilo la kopo, mwenye nazi mbele yake saa zote hajui kwamba huku nazi unaikuta dukani imekauka na ndani imeoza, unalipa pesa unatupa. Nimepika na nilichonacho. Neno lile limenikaa mpaka leo.

Kwa hiyo nakuomba wewe, na ndiyo sababu ya barua hii. Jumamosi kaa na Mama. Kile kikombe chake cha bati, kile cha bluu kilichobonyea pembeni, kijaze maji uyamimine kwenye chupa ya nusu lita uone yanafika wapi, uniandikie. Hata sufuria ulipime upana kwa rula. Konzi lake la sukari limimine kwenye kikombe kabla halijaingia kwenye mchele, maana yeye atakwambia "kadiri" na mimi hiyo kadiri ndiyo nimeitafuta miaka yote. Muulize la yai. Akisema hutia, nitanyamaza na nitamuomba wifi radhi kwenye grupu mbele ya wote. Akisema hatii, sitaki uandike kitu, niambie mimi tu.

Na kama mikono inamtetemeka usimwache akune nazi nyingi, akune moja tu, we mshikie mbuzi isichezecheze. Ila hiyo moja nirekodie. Sitaki picha, weka simu karibu na mbuzi nisikie tu kile kifuu kinavyolia. Kwenu ikiwa saa mbili usiku huku ni saa tano asubuhi na Jumamosi siko kazini, nitakuwa naisubiri.

Mkate ukiiva mkatie kipande mama mdogo wa Pongwe, mwambie kimetoka kwangu.

Mdogo wako,
Minneapolis