Jamani sio kila anayesoma mwili wa binadamu ni daktari

Mhariri naomba kanafasi kadogo. Nipo mwaka wa tatu Marekani nasoma digrii ya kwanza ya fiziolojia na nyurosayansi, yaani jinsi mwili, ubongo na neva (mishipa ya fahamu) vinavyofanya kazi, na kila nikipiga simu nyumbani Tanga swali ni lilelile, "sasa mwanangu utaanza kutibu lini?" Nikijibu kwamba sio udaktari, simu inapoa ghafla.

Lakini hii kozi tamu bwana. Wanasayansi wawili Waingereza, Hodgkin na Huxley, walijua neva inavyopitisha umeme kwa kutumia ngisi, ndio ngisi, maana ana uzi wa neva mnene unaofika hata milimita 1 kwa hiyo waya unaingia ndani, wakapima chembe za sodiamu zinavyoingia na za potasiamu zinavyotoka, wakachapisha 1952 na Nobeli wakapata 1963. Mimi nimekula ngisi wa nazi tangu utotoni hakuna aliyeniambia!

Ngumu ni ngumu, sidanganyi, kemia, fizikia na hesabu zote zimo. Ila humo ndio nimeelewa kifafa ni seli za ubongo kupiga umeme kwa pamoja kupita kiasi, sio pepo, na povu la mgonjwa haliambukizi. Mtaani kwetu jirani alianguka karibu na jiko watu wakamkimbia, akaungua mkono.

Walimu wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) waambieni basi watoto kuna utafiti, kuna maabara, na kuna kuwafundisha hao hao madaktari.

Mwanafunzi, California