Wakala apewe ufunguo wa kusoma, wa kuwasha ubaki kwa mtu

Mhariri,

Nimesoma makala mliyoichapa kuhusu kuunganisha wakala wa akili mnemba, yaani programu inayotekeleza kazi kwa maagizo yako, na jukwaa la majaribio ya tovuti kwa kupitia terminali, lile dirisha la kuandikia amri za kompyuta. Mwandishi ameeleza vizuri jinsi kazi inavyorahisika, na katika hilo sina ugomvi naye. Ila ameishia mlangoni. Wakala akishaunganishwa, apewe mamlaka ya kufanya nini? Kazi yangu ya kila siku ni kuchambua matokeo ya majaribio ya namna hii, kwa hiyo naomba nafasi niendeleze pale alipoachia.

Kwa msomaji ambaye hajakutana na jambo hili: tovuti nyingi huwaonyesha wageni wake matoleo mawili ya ukurasa mmoja. Nusu wanaona A, nusu wanaona B, wanagawanywa kwa nasibu, kisha inahesabiwa ni kundi lipi limejisajili au kununua zaidi. Jukwaa la majaribio ndilo linalogawa watu na kutunza hesabu. Zamani ukitaka kuanzisha jaribio ulifungua dashibodi, ukajaza fomu, ukachagua vipimo, ukabonyeza kitufe. Kisha Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ikatangaza itifaki ya MCP, lugha ya pamoja ya kuunganisha wakala na programu nyingine, na majukwaa kama GrowthBook yakatengeneza seva zinazozungumza na wakala moja kwa moja. Katika Claude Code, wakala wa Anthropic anayefanya kazi kwenye terminali, kwa mfano, unaandika `claude mcp add --transport http`, unafuatisha jina ulilolichagua na anwani ya seva, na kama seva inataka uthibitisho unaingia kwenye akaunti yako kupitia kivinjari. Basi. Kuanzia hapo unaongea na wakala kwa maneno ya kawaida: nionyeshe majaribio yanayoendelea, niambie lipi limekwama, niandalie jipya la ukurasa wa malipo.

Nafuu yake ni kubwa. Wakala anayekaa kwenye terminali anaona pande mbili kwa pamoja, msimbo ulio ndani ya folda na orodha ya majaribio iliyo kwenye jukwaa. Mwambie atafute swichi (mistari inayoamua mgeni aone toleo lipi) za majaribio yaliyofungwa zamani ambazo bado zimeachwa ndani ya msimbo, naye atazikusanya zote na kukuonyesha ziko kwenye faili gani. Ni kazi ambayo kila timu huiahirisha. Kwa hiyo sisemi watu wasiunganishe.

Mushkeli upo kwenye ufunguo, yaani kitambulisho cha siri kinachomfungulia wakala jukwaa. Wakala hana mamlaka yake mwenyewe, anatumia yako. Ukiingia kwa akaunti ya msimamizi mkuu, naye anakuwa msimamizi mkuu, na kutoka "niandalie jaribio" hadi "liwashe" hakuna umbali wowote. Jaribio likiwashwa linawafikia watu halisi papo hapo, watu wanaojaribu kulipia kitu, ambao hawajui kwamba kuna kundi A na kundi B. Ni kweli kwamba Claude Code huomba ruhusa kabla ya kutumia zana. Lakini mtu akiulizwa mara nyingi huchoka, akachagua asiulizwe tena, na ipo hata amri ya kuruka ruhusa zote, `--dangerously-skip-permissions`. Ulinzi unaotegemea subira ya mtu aliyekaa mbele ya terminali jioni, kazi ikimsubiri, haunitoshi. Nataka kikomo kiwe upande wa jukwaa: ufunguo wa kusoma tu, au wa kuandaa rasimu, ambao hata wakala akikosea au akidanganywa hauwezi kuwasha kitu.

Kudanganywa kupo. Wakala anasoma kila kinacholetwa mbele yake, yakiwemo maoni ambayo wageni wa tovuti wameyaandika kwa mikono yao. Mtu akiandika kwenye kisanduku cha maoni sentensi yenye sura ya maagizo, wakala anaweza kuifuata kana kwamba imetoka kwako.

Niseme pia kuhusu faili la `.mcp.json`. Ukiunganisha seva kwa ajili ya mradi mzima, maelezo ya muunganisho huandikwa humo, na faili hilo limekusudiwa kuingia Git, mfumo unaotunza na kugawana matoleo ya msimbo, ili timu yote ilitumie. Anayebandika ufunguo wa siri ndani yake amewagawia wote wenye nakala ya mradi, na kuufuta baadaye hakusaidii, kwa sababu Git inatunza historia. Ufunguo ukae kwenye kigeu cha mazingira cha kila mtu, yaani thamani inayotunzwa kwenye kompyuta yake nje ya faili za mradi, faili litaje jina la kigeu tu.

Sasa nije kwenye linalonikosesha raha zaidi. Hata ufunguo ukiwa wa kusoma tu, wakala anaweza kuharibu hukumu ya jaribio kwa kulichungulia. Kiwango cha asilimia 5 ambacho wengi wanakitumia kuamua kama tofauti ni ya kweli kina ahadi moja: kama kwa kweli hakuna tofauti kati ya A na B, utadanganyika mara 5 katika 100. Ahadi hiyo inasimama ukitazama mara moja, mwishoni. Ukitazama mara 5 njiani, huku ukiwa tayari kusimama pindi namba inapopendeza, uwezekano wa kudanganyika unafika kama asilimia 14. Ukitazama mara 10, unafika asilimia 19. Hesabu hizi wanatakwimu wanazijua tangu 1969. Binadamu aliyelazimika kufungua dashibodi alikuwa na uvivu uliomkinga kidogo. Wakala aliyepangiwa kuuliza jukwaa kila saa na kukutumia ujumbe "B inaongoza kwa uhakika" hana uvivu huo. Kumruhusu afunge jaribio wakati huo ni sawa na refa kupuliza kipenga cha mwisho dakika ileile timu aipendayo inapotangulia.

Yapo majukwaa yenye mbinu za takwimu zinazomruhusu mtu kutazama mfululizo bila kuvunja hesabu. Nazo ni nzuri, mradi zichaguliwe kabla jaribio halijaanza.

Wakati wa kuamua ndio huo: kabla. Chukua ukurasa ambao wageni 5 katika 100 hununua, nawe unataka kugundua ongezeko la moja ya kumi, yaani kutoka asilimia 5 hadi 5.5. Kwa kanuni tunayoitumia kwa makadirio ya haraka, unahitaji watu wapatao 30,000 katika kila kundi. Tovuti inayopata wageni 2,000 kwa siku kwenye ukurasa huo italiacha jaribio liende mwezi mzima. Wakala hupiga hesabu hiyo kwa sekunde chache, na ningependa iwe kazi yake ya kwanza kila anapoandaa jaribio: aandike dhana, kipimo kikuu kimoja (tuseme mauzo), idadi ya watu na tarehe ya kufunga, mtu asome, akubali au akatae. Baada ya hapo wakala akiulizwa nani anaongoza, ajibu kwamba siku bado.

Kipimo kikuu kimoja nimekisema kwa makusudi. Jaribio likishindwa kuonyesha kitu, kishawishi ni kumwambia wakala atafute kundi ambalo B imelifaa: wenye simu, wenye kompyuta, wageni wapya, wageni wa wikiendi. Atalipata. Ukikata data mara 20 kwa vipande visivyohusiana, na hakuna tofauti yoyote ya kweli, uwezekano wa angalau kipande kimoja kung'ara kwa bahati ni asilimia 64. Tena atakuletea na maelezo fasaha ya kwa nini wageni wa wikiendi wanapenda kitufe cha kijani.

Upo mfano mwingine ambao ningewaomba wanaounganisha mawakala waupime wenyewe. Jaribio limepangwa kugawa watu nusu kwa nusu. Wameingia 100,000: upande wa A 50,600, upande wa B 49,400. Kwa macho si kitu. Kwa hesabu, mgao wa nasibu ulio mzima hautoi pengo kama hilo hata mara 2 katika 10,000. Kuna watu wa B wanaopotea kabla ya kuhesabiwa. Pengine ukurasa mpya unachelewa kufunguka kwenye simu za zamani, watu wanakata tamaa na kuondoka. Waliobaki ni wenye simu nzuri na intaneti ya kasi, nao ndio wanunuzi wazuri tangu mwanzo, hivyo ripoti itasema B imeshinda. Mwulize wakala "nani ameshinda" naye anaweza kukujibu hilohilo. Mwagize aanze na mgao kabla ya kugusa mauzo, atakwambia jaribio limevunjika.

Wanaojenga tovuti wanalijua tukio la Bing, injini ya utafutaji ya Microsoft, la mwaka 2012. Mfanyakazi wa Microsoft alipendekeza kubadili namna vichwa vya matangazo vinavyoonyeshwa, wazo likawekwa kando kwa zaidi ya miezi sita, mpaka mhandisi mmoja alipoona kuliandikia msimbo ni kazi ndogo akalijaribu. Ndani ya saa chache mfumo ukapiga kengele kwamba mapato yamepanda kupita kiasi, jambo ambalo kwa kawaida huashiria hitilafu. Wakakagua. Hitilafu haikuwapo, mapato yalikuwa yamepanda kwa asilimia 12, zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka nchini Marekani pekee. Ronny Kohavi, aliyeongoza timu ya majaribio pale, amelieleza tukio hilo hadharani. Wanaoshabikia mawakala hulitumia kuonyesha kwamba mawazo mazuri hufia kwenye foleni, na wana haki. Mimi naiangalia ile kengele. Habari njema ilipofika, mfumo uliishuku kwanza, na watu wakaenda kukagua kabla ya kushangilia.

Ombi langu kwa mwandishi wenu, akirudia mada hii, awaeleze wasomaji namna ya kutengeneza ufunguo wa kusoma pekee kabla hajawapa amri ya kuunganisha. Na kwa wanaotengeneza majukwaa haya, ambao najua baadhi yao wanalisoma gazeti hili: tupeni ufunguo unaoweza kuandika rasimu na usioweza kuwasha, na seva zenu zikiulizwa mshindi kabla ya tarehe iliyoandikwa, zirudishe tarehe hiyo na idadi ya watu waliobaki.

Mchambuzi wa majaribio ya tovuti