Barua ya Wazi kwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo (Taaluma): Mwanafunzi Apewe Haki ya Kurekebisha Anachosoma

Mheshimiwa,

Vyuo vingi vimeshaagiza wahadhiri waweke noti zao mtandaoni ili wanafunzi wasome bila kulipa. Nia ni njema. Lakini noti zikiwekwa bila leseni, yaani bila tamko la mwenye hakimiliki linaloruhusu wengine kuzitumia, sheria ya hakimiliki inabaki palepale na mwanafunzi anabaki msomaji tu. Hana ruhusa ya kuzitafsiri akawagawia wenzake, wala ya kusambaza nakala aliyoirekebishia mfano uliopitwa na wakati. Akaunti yake ya chuo ikifungwa baada ya mahafali, noti nazo zimekwenda. Ndiyo maana tunaiona elimu huria, yaani nyenzo za kujifunzia ambazo kila mtu ameruhusiwa kuzitumia na kuzirekebisha, kuwa suala la haki kwanza, bei baadaye.

Haki zenyewe ni tano, kama alivyozipanga David Wiley, msomi wa elimu huria: kubaki na nakala, kuitumia, kuirekebisha, kuichanganya na nyingine, na kuisambaza. Pendekezo la UNESCO la Novemba 2019 kuhusu nyenzo huria za elimu linataja haki zinazokaribiana sana na hizo.

Tunaomba kwanza sera ya leseni, tena iwe fupi. Ieleze hakimiliki ya noti ni ya mhadhiri au ya chuo, kwa sababu asiyemiliki hawezi kutoa leseni. Kisha itamke kuwa leseni ya kawaida ni CC BY toleo la 4.0 (leseni ya Creative Commons ambayo sharti lake kuu ni kumtaja mwandishi), na anayetaka nyingine atoe sababu. Tunasisitiza kwa kuwa hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mtu huona herufi CC akadhani leseni zote za Creative Commons ni sawa, kumbe zipo sita na zinapishana sana. Yenye ND (bila marekebisho) inaruhusu kunakili lakini hairuhusu kusambaza toleo lililorekebishwa, na tafsiri huhesabiwa kuwa rekebisho.

Hata leseni mbili zenye uhuru zinaweza kugongana. Vitabu vya kalkulasi vya OpenStax, mradi wa vitabu huria wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, viko chini ya BY-NC-SA (NC hukataza biashara, SA hudai kazi iliyorekebishwa itolewe kwa leseni ileile), na maandishi ya Wikipedia yako chini ya BY-SA. Mhadhiri akiyeyusha sura ya kitabu hicho na makala ya Wikipedia kuwa andiko moja, hapati leseni halali ya kulitolea: upande mmoja unadai sharti la kutofanya biashara libaki, upande wa pili unakataza kuliongeza. Dawa ni kuviacha vikae kando kwa kando, kila kimoja na leseni yake, au kutafuta chanzo cha CC BY.

Kila kinachochukuliwa kiandikiwe jina la kazi, mwandishi, kilikotoka na leseni yake, na iwe siku ileile kinapochukuliwa. Picha ikishaingia kwenye slaidi bila maelezo hayo, baada ya mihula miwili hakuna anayejua ilitoka wapi, na sura nzima hukwama kwa ajili ya mchoro mmoja.

Kuhusu faili, PDF peke yake haitoshi, kwa sababu kuihariri ni taabu. Iambatane na faili la asili (ODT, DOCX au LaTeX) pamoja na EPUB, ambayo maandishi yake hujipanga kufuata upana wa skrini ya simu. Kurasa zilizoskaniwa ni picha tupu: programu inayomsomea asiyeona haipati neno la kusoma, utafutaji haufanyi kazi, na faili huwa zito. Nakala ziwekwe pia kwenye seva ya maktaba ili zipakuliwe ndani ya mtandao wa chuo bila kula data. Programu ya Kiwix tayari huwezesha Wikipedia nzima kusomwa bila intaneti, na seva hiyohiyo inaweza kuibeba.

Lakini yote hayo ni maandalizi. Nguvu ya mwanafunzi huonekana anapoandika. Kazi nyingi za muhula husomwa na msahihishaji mara moja, kisha zinatupwa, ilhali zingeweza kuwa mifano iliyokokotolewa hatua kwa hatua, maswali ya mazoezi yenye majibu, faharasa, manukuu ya video za mihadhara, au tafsiri ya sura ngumu. Sehemu iwe ndogo: wanafunzi wawili, mfano mmoja. Wanaopewa sura nzima hunakili kitabu chenye hakimiliki, nacho chuo kikakichapisha kwa jina lake bila kujua. Wenzao waikague kwanza kwa kuilinganisha na vyanzo, mhadhiri afuate, na kinachochapishwa kiwe kile tu kilichopita. Darasa likiwa na wanafunzi mia mbili na mhadhiri mmoja bila msaidizi, zoezi hili lisianzishwe. Litazaa makosa yatakayosomwa na kila atakayekuja.

Hapa lipo jambo ambalo hatuwezi kulilegeza. Kwa kawaida hakimiliki ya kazi ya mwanafunzi ni yake. Kumlazimisha aitoe chini ya leseni huria ni kumnyang'anya. Fomu ya ridhaa impe njia tatu: kuchapisha kwa jina lake, kuchapisha bila jina, au kutochapisha kabisa, naye aijaze baada ya kupata alama zake, asihisi kwamba alama zinategemea jibu. Aelezwe waziwazi kuwa leseni ya Creative Commons haitenguliwi: akibadili nia, chuo kinaweza kuiondoa kazi kwenye tovuti, lakini aliyekwisha kuipata anaendelea na haki zake. Anachoweza kudai, kwa toleo la 4.0, ni jina lake liondolewe pale inapowezekana.

Haya yanahitaji muda wa watu, na muda hugharimu. Jimbo la British Columbia, Kanada, lilipoanzisha mradi wake wa vitabu huria kupitia BCcampus, shirika lake la kusaidia vyuo, mwaka 2012, lililenga masomo 40 yenye wanafunzi wengi zaidi katika miaka miwili ya mwanzo ya chuo. Nasi tunashauri kuanza na kozi tatu au nne kubwa za mwaka wa kwanza. Mhadhiri anayerekebisha kitabu apunguziwe vipindi kwa muhula mmoja, na kazi hiyo ihesabiwe anapoomba kupandishwa cheo. Bila hivyo ataifanya usiku, ataichoka, ataiacha. Kila kitabu kiwe na mkutubi mmoja wa kupokea makosa yanayoripotiwa na kutoa toleo lenye namba mpya mwanzoni mwa muhula.

Tunaomba rasimu ya sera ifike mbele ya Seneti kabla orodha za vitabu vya mwaka wa kwanza hazijapitishwa, kwa kuwa zikishatoka, wahadhiri wachache sana hubadili kitabu katikati ya mwaka.

Wako katika kazi,
Wakutubi na wahadhiri waandaaji wa nyenzo huria za elimu